Mizani Mbili za Lalago

Msimu wa pamba ukifunguliwa mwezi Mei, Lalago hutaja mizani kuliko hata bei. Mkulima aliyeanza kupanda mvua za Novemba zilipoanguka hana habari na uso wa karani. Anatazama mizani tu. Akiingiwa na shaka anaomba mzigo ushushwe, upimwe upya, na walio nyuma yake hawanung'uniki, maana kila mmoja ana mpango wa kuomba hivyo hivyo zamu yake ikifika.

Mizani ni neno la Kiarabu. Ndugu zake nao wamepanga foleni hapo hapo: bei, faida, hasara, deni, hesabu, rehani, daftari, duka. Pwani, mtoto wa Lamu au wa Unguja alikutana na lugha hiyo kwanza kwenye ubao wa chuoni, mwalimu akimshika mkono amwandikie alifu. Usukuma iliingia kwa mlango mwingine. Babu zetu wa Maswa, wilaya yetu, walikutana nayo mbele ya kaunta, kati ya mfuko wa chumvi na jora la kaniki, majina yao yakiandikwa mkopo kwenye daftari wasiloweza kulisoma.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu toleo hili lote linahusu namna mji mdogo kama Lalago, ulio kwenye barabara itokayo Kolandoto kwenda Mwanhuzi, unavyoweza kufundisha utamaduni na elimu ya Kiarabu kwa fedha yake wenyewe. Tulipokuwa tunaliandaa, watu kadhaa waliniuliza kwa nini. Wengine waliuliza kwa upole. Mmoja, mzee ambaye namheshimu, aliuliza kwa hasira: "Wametupunja vya kutosha, sasa unataka tuwalipie na karo?" Nitaanza na hasira ya mzee, kwani ina haki yake.

Misafara iliyopita bara katika karne ya 19, kituo chake kikuu kikiwa Unyanyembe, ilifuata pembe za ndovu na ilifuata watu. Wasukuma na Wanyamwezi walibeba mizigo hiyo mabegani hadi pwani kwa ujira, lakini walikuwamo pia waliokwenda bila ujira na bila kurudi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873; biashara yenyewe iliendelea kwa njia za vichochoro kwa muda baada ya hapo. Kisha ukaja wakati wa pamba na wanunuzi wake, Wahindi kwa Waarabu, na mizani ambazo mkulima hakuweza kuzihakiki. Paul Bomani na wenzake walipoanza kuwakusanya wakulima wa Kanda ya Ziwa, moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kuweka vituoni watu wao wenyewe wanaojua kusoma mizani. Kutoka hapo vikatokea vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, mojawapo ya mashirikisho makubwa ya ushirika yaliyowahi kuwapo Afrika. Chanzo chake kimojawapo kilikuwa mtu mmoja amesimama pembeni, anasoma namba, anamwambia mwenzake ukweli.

Darasa lolote la utamaduni wa Kiarabu litakalofunguliwa Usukuma na kuruka ukurasa huo litakuwa darasa la uongo. Mimi ningeufundisha wiki ya kwanza. Wiki ya pili ningewafundisha watoto kwamba Mmanga aliyefungua duka kijijini mara nyingi alikuwa mtu fukara, aliyeondoka Oman kwa sababu kwao hakuna mvua wala kazi. Kwamba wengine walioa hapa, na wajukuu zao leo wanatania kwa Kisukuma hadi mgeni anaangalia huku na huku kutafuta anayesema. Mambo haya mawili hayafutani, na mtoto wa miaka kumi na mitano ana akili ya kutosha kuyabeba yote.

Sasa nirudi kwa mizani, kwa kuwa ziko mbili.

Mwanafunzi wa sekondari anafundishwa kwamba shairi la Kiswahili lina vina na mizani. Anahesabu silabi kwa vidole, nane na nane, anafaulu mtihani, lakini hakuna anayemwambia kuwa anatumia neno lile lile linalomkosesha baba yake usingizi mwezi Mei. Na hakuna anayemwambia kuwa mwaka 1121, katika mji wa Marw, mtu aitwaye Abdulrahman al-Khazini alimaliza kitabu kizima kuhusu mizani, Kitab Mizan al-Hikma. Kitabu hicho kinaeleza uzito na kitovu chake, kinaeleza kwa nini kitu kikizamishwa majini huonekana chepesi, na kinaeleza namna ya kuunda mizani inayoweza kumfichua sonara aliyechanganya dhahabu na fedha. Kimsingi ni kitabu cha kuwakamata walaghai. Al-Khazini mwenyewe aliletwa Marw akiwa mtumwa, kijana mwenye asili ya Urumi ya Mashariki, na bwana wake ndiye aliyemsomesha. Sijui kama yupo mwandishi mwingine wa zamani ambaye angekaa vizuri kwenye kituo cha pamba cha Lalago kuliko huyu.

Ninaposema elimu ya Kiarabu, basi, nina maana ya elimu iliyoandikwa kwa Kiarabu, bila kuuliza damu ya mwandishi. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 kiliipa dunia neno aljebra, asili yake ilikuwa Asia ya Kati. Al-Jahiz wa Basra, bingwa wa nathari, anatajwa kuwa na asili ya Afrika, na aliandika risala ya kuwatetea watu weusi mbele ya waliowadharau. Hunayn bin Ishaq, aliyewatafsiria watu wa Baghdad vitabu vya tiba vya Wayunani, alikuwa Mkristo. Namtaja Hunayn kwa makusudi. Katika wilaya yetu Waislamu ni wachache, na nimekwisha kusikia minong'ono kwamba darasa la Kiarabu ni mlango wa nyuma wa kusilimisha watoto. Anayeogopa hivyo amesahau kwamba mchungaji wake husema "roho", "dhambi", "sadaka" na "rehema" kila Jumapili, na hakuna aliyesilimu kwa hayo.

Tatizo langu mimi ni la upande wa pili. Nilisoma madrasa utotoni. Nilihifadhi sura nyingi, nikachapwa bakora kwa kushindwa kuitoa ain kooni, na nikahitimu juzuu bila kujua maana ya neno hata moja. Ilinibidi nisubiri hadi kidato cha pili, kwa mwalimu wa Kiswahili, ndipo nikaambiwa kuwa kitabu, katibu na maktaba ni watoto wa mzizi mmoja. Nilikuwa nimelala miaka minne juu ya ghala nisijue limejaa mtama. Ustadhi wangu simlaumu: alilipwa kwa sabuni na kuku, na yeye mwenyewe alifundishwa hivyo hivyo. Lakini kama tutachanga fedha za watu ili watoto waendelee kukariri sauti tupu, heri tuzinunulie madawati.

Hapa ndipo linapoingia suala la nani alipe, na juu ya hili nina msimamo mkali kuliko wenzangu wa chumba cha habari. Njia rahisi inafahamika. Unaandika barua kwa mfadhili wa Ghuba, jengo linapanda ndani ya miezi michache, jina lake linachorwa juu ya mlango. Majengo ya namna hiyo yapo mengi nchini na baadhi yanafanya kazi njema. Ila jengo linalokuja zima-zima huja na mtaala wake, na mara nyingine huja na dharau yake: kwamba maulidi yenu si sawa, ngoma zenu si sawa, Kiswahili chenu chenyewe kimepotoka. Tena mfadhili akibadili mawazo, kijiji kinabaki na vyumba vinavyofugiwa popo.

Lamu walifuata njia nyingine. Habib Swaleh, mtu wa ukoo wa Jamalilail aliyetoka Ngazija, hakuanza na jengo. Alianza kwa kukaa na watu wa hali ya chini, wakiwamo wazao wa watumwa, akawafundisha dini na Kiarabu wakati ambapo wakubwa wa mji waliona elimu hiyo si ya watu wa namna hiyo. Wakubwa walichukia. Masomo yaliendelea, na mwanzoni mwa karne ya 20 Msikiti wa Riyadha ukasimama, ukilelewa na michango, wakfu na maulidi ambayo hadi leo yanavuta wageni kutoka pwani nzima. Miswada ya Riyadha imepigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na miswada yenyewe imebaki Lamu. Makala ya kwanza ndani ya toleo hili inaeleza mambo ya Riyadha kwa kirefu. Ninachotaka msomaji akibebe kutoka kwangu ni kwamba elimu ile ile iliyotumiwa kuwatenga wazao wa watumwa iliwainua pale walipoishika wenyewe. Mzee wangu mwenye hasira nimemwekea alama kwenye ukurasa huo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na umri wetu. Miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliuomba msaada mtandao wa Aga Khan, na Mombasa ikaanza shule za awali za madrasa chini ya Bi Swafiya Said. Mfadhili alikuwapo, sikatai. Lakini kijiji ndicho kilichotoa chumba, kikaunda kamati, kikalipa ada na kikachagua walimu kutoka miongoni mwa akina mama wake. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu na vibao vilivyochongwa hapo hapo. Mpango huo ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Naupenda kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: wazazi waliudai hesabu, kwa kuwa shilingi zilikuwa zao.

Sisi Wasukuma hatuhitaji kwenda Mombasa kujifunza kuchangishana. Zamani nsumba ntale, kiongozi wa vijana, aliwaita vijana wa kijiji, wakalima shamba la mwenzao kwa siku moja, na asiyefika alipigwa faini ya mbuzi kabla jua halijazama. Sungusungu zilipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hazikungoja bajeti ya wizara. Tunajua kutoana mfukoni, na tunajua kumbana mtu aliyekula cha wengi, pengine kupita kiasi.

Kwa hiyo pendekezo la gazeti hili kwa Lalago ni dogo. Darasa moja, jioni mbili kwa wiki, katika chumba ambacho tayari kipo. Mwalimu mmoja anayelipwa mshahara, wala si sabuni. Kila anayetaka kuchangia atoe thamani ya kilo moja katika kila kilo mia za pamba atakazouza kupitia chama chake cha msingi, kwa hiari, jina lake na kiasi chake vibandikwe ukutani. Kamati isiwe ya dini moja, na mweka hazina awe mwanamke. Kiarabu ni somo la mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo watakaotaka cheti watakipata. Lakini kazi kubwa ya darasa iwe kusoma na kuelewa: maneno yetu yalikotoka, mashairi yetu yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hati hii unayoisoma sasa, hesabu, tiba, historia pamoja na uchafu wake. Wiki moja msome al-Khazini, muende na mizani ya kituoni muijaribu.

Mwenzangu mmoja alipendekeza darasa lizinduliwe tarehe 18 Desemba, Siku ya Kiarabu Duniani, kukumbuka azimio la mwaka 1973 lililoifanya lugha hiyo kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Mataifa. Wazo zuri kwa New York. Lalago tarehe hiyo watu wako shambani wanahangaika na pamba changa, na atakayewaita ukumbini atahutubia viti. Tungoje Julai, fedha zikiwa mkononi na ngoma za vyama vya Bagika na Bagalu zikiwa uwanjani.

Jambo la mwisho ni ombi. Wanafunzi watahitaji kitu cha kusoma ambacho ni chao. Katika masanduku ya familia za wafanyabiashara wa zamani, Lalago, Malampaka, Mwanhuzi na kwingineko, huenda kuna barua, vitabu vya dua, hati za ndoa, na hata madaftari ya duka yenye majina ya babu zetu na madeni yao. Kama unacho kimojawapo, hatukiombi kiwe chetu. Tunaomba tuje nyumbani kwako tukipige picha mbele yako, kisha kirudi sandukuni. Usikipeleke juani kukausha. Usikunjue karatasi iliyoshikana. Na vumbi usilifute kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu wino wa masizi huondoka nalo, na deni la babu yako litakuwa limesamehewa bila sisi kujua alidaiwa nini.