TUSIFYEKE BONDE LOTE



Katika mkutano uliopita wa tawi letu mjumbe mmoja alishauri kwamba kila mwenye shamba afyeke bonde lake mpaka mtoni, ili wachumaji wapite kwa wepesi na nyoka wasipate maficho. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa wakati wa kusema ulikwisha, naomba nafasi katika ukurasa huu.

Uko mji Marekani, San Diego katika California, uliojengwa juu ya vilima vilivyokatwa-katwa na makorongo. Nyumba zimejaa juu. Chini, kwa kuwa hapajengeki, vikabaki vichaka vya asili na ndege wake. Watu wakadhani ndege wamesalimika. Mwaka 1988 Bwana Michael Soulé na wenzake walitoa habari za makorongo 37 ya huko yaliyozungukwa na nyumba. Waliona kuwa kadiri korongo lilivyo dogo, na kadiri lilivyokaa miaka mingi limetengwa na mengine, ndivyo ndege wa vichaka walivyopungua. Hakuna aliyewapiga mawe. Walikosa njia tu: ndege hawa hawapendi kuvuka mapaa, na wakifa wa hapa hawaji wengine.

Na paka je! Penye koyote, mnyama wa kule mfano wa bweha, paka wa nyumbani huogopa kushuka. Koyote akitoweka, paka hujitawala na ndege huliwa. Kumbe mla nyama mkubwa ndiye aliyekuwa mlinzi wao, jambo ambalo mimi nisingalilidhani.

Sasa wenyeji, wazee na watoto wa shule, hushuka makorongoni siku za mapumziko kung'oa magugu ya kigeni na kupanda mimea ya asili, hata mipungate, maana yuko ndege wa kule ambaye hujenga tundu lake katikati ya miba yake. Mtacheka mkisikia kwamba katika magugu yanayowasumbua umo mbarika, mmea wa Afrika ya Mashariki! Wala kazi haiishi mwaka mmoja; mvua ikinyesha magugu hurudi.

Turudi Pemba. Tunao ndege wanne wasiopatikana popote duniani ila kisiwani kwetu: ninga wa Pemba, bundi wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule kijidege wa manjano mwenye duara jeupe machoni. Bundi huyu haishi Ngezi tu. Hukaa pia katika mikarafuu mizee iliyoota vichaka chini. Basi yumo mashambani mwetu, na sisi ndio wenye kumpa nyumba au kumnyima. Najua wengi wanamchukia, ati akilia usiku analeta kifo. Mimi nimekaa naye miaka mingi, na wazee wangu walikufa kwa uzee. Ninga naye anataka matunda; mkuyu ukikatwa hana la kumleta.

Mjumbe wetu ana haki kwa upande wa wachumaji. Mtu aliyejitwika pakacha la karafuu hawezi kupigana na miba. Na tufyeke chini ya mikarafuu, tufungue njia kabla ya msimu. Lakini kando ya kijito tuache kichaka, hatua kumi kila upande, kiendelee shamba kwa shamba. Nikiacha mimi na jirani yangu akafyeka, nitakuwa nimetengeneza korongo la San Diego lisilo na mlango. Kwa hiyo si shauri la mtu mmoja, ni la tawi zima. Kadhalika kitalu chetu cha miche ya mikarafuu kitenge tuta moja la mikuyu na mivule, tupande palipokwisha kuwa peupe.

Naomba Bwana Katibu aliandike shauri hili katika mambo ya mkutano ujao, kabla mapanga hayajanolewa.

Mwanachama wenu