Jeni si shanga, jamani!

Wadau, leo nina hasira. Juzi mhariri mmoja kanirudishia makala yangu, kisa: "Kromosomu haziuzi gazeti." Lakini "Jeni ya ugonjwa fulani yapatikana!" hiyo inauza, japo ni nusu ya ukweli.

Hivi nani alitudanganya kwamba jeni ni shanga kwenye uzi, ukizihesabu umemaliza? Seli yako ya kawaida yenye kiini ina DNA ya kama mita 2, imekunjwa ndani ya kiini hicho kisichoonekana kwa macho. Imekunjwaje? Mwaka 2002 Job Dekker, Mholanzi aliyekuwa Harvard, na wenzake walitoa njia ya kujua: gandisha uzi kwa formalini, ukate kwa kimeng'enya, unganisha ncha zilizo jirani, kisha angalia nani alikuwa karibu na nani. Walianza na hamira. Kufikia 2009 wakapima jenomu nzima ya binadamu.

Yanatuhusu nini? Mwaka 2015 kina Stefan Mundlos wa Berlin walichunguza familia zenye kasoro za vidole. Jeni iliyoleta balaa ilikuwa nzima! Kilichovunjika ni mpaka: swichi ya jeni moja ikaenda kuwasha jeni ya jirani.

Sasa mama anayeambiwa "jeni ya mtoto ni nzima" aelewe nini? Kwamba amelogwa? Sisi tukiandika nusu, nusu iliyobaki wanaijaza wapiga ramli.

Basi nimeimwaga hapa, bure. Mhariri, karibu tubishane.