Kituo Kimoja cha Kiswahili katika Mtihani wa Udaktari

Kila aina ya mtihani wa udaktari ina watetezi na walalamishi wake miongoni mwa wanafunzi, na wanaosomea Meru na Embu, wawe wa Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya au wa mabewa ya KMTC, wanazijua hoja hizo. Maswali ya kuchagua jibu hupendwa kwa kuwa hayategemei mwandiko wala hisani ya msahihishaji. Hulaumiwa kwa kuwa mbahatishaji naye huvuna. Insha humpa mtahiniwa uwanja wa kujieleza, lakini hodari wa Kiingereza huweza kuuficha upungufu wake ndani ya ufasaha. Mtihani wa mdomo huogopwa tu.

Unaowahusu zaidi wapenzi wa Kiswahili ni mtihani wa vituo, ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliutangaza mwaka 1975. Mtahiniwa huhama kituo hadi kituo kwa mlio wa kengele: hapa anapima shinikizo la damu, pale anamhoji mgonjwa au mtu anayeigiza ugonjwa, huku mtahini akijaza orodha ya alama iliyo moja kwa wote. Kengele hulaaniwa sana, ila usawa wa mtindo huu ni vigumu kuukana.

Mahojiano hayo, hata hivyo, hutahiniwa kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia. Mama anayefika hospitali ya rufaa ya Meru kutoka Tigania, au ya Embu kutoka Mbeere, aghalabu haji na Kiingereza. Ana lugha yake ya mama, na Kiswahili ndicho kinachomkutanisha na tabibu aliyezaliwa Kisumu au Garissa. Atasema ana kiungulia, kichomi, au homa. Homa! Kamusi hulieleza neno hili kuwa ni kupanda kwa joto la mwili, ilhali Wakenya wengi hulitumia kwa mafua. Tabibu asiyedadisi ataandika ugonjwa mwingine kabisa.

Yafaa basi angalau kituo kimoja kifanywe kwa Kiswahili, na alama zitolewe. Dai kwamba istilahi hazitoshi halina mashiko: mgonjwa haulizwi istilahi, huulizwa maumivu yalianza lini, yanachoma au yanabana, yanaenea wapi. Wala haitoshi kusema kwamba kila Mkenya alisoma Kiswahili shuleni. Kuandika insha ya methali si kumhoji mgonjwa anayeona haya. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekwisha kukifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza.

Pingamizi lenye uzito ni la mwanafunzi mgeni ambaye hakukulia katika Kiswahili. Huyo atahitaji kozi fupi kabla ya kuingia wodini, kozi ambayo angeihitaji hata kama hakungekuwa na mtihani. Ama waigizaji wa wagonjwa, wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vya eneo hili wanaweza kuifanya kazi hiyo, pamoja na kuwasaidia watahini kuandaa maswali yenyewe.