Chipu kwenye chupa ya pafyumu: kaibandika nani?

Mjini hapa gumzo ni moja tu. Mrembo mmoja maarufu wa Unguja, jina kapuni, yule ambaye kila harusi kubwa lazima umuone meza ya mbele, katupia video kashika chupa ya pafyumu akiigusisha na simu. Simu ikalia ti! Ukafunguka ukurasa wenye tiki ya kijani na neno moja kubwa: ORIJINO. Mashabiki wakamwaga makopakopa, oda zikaanza kumiminika kuanzia Kikwajuni mpaka Fuoni. Mshindani wake, naye kapuni, hakulala. Siku ya pili tu akatangaza kuwa na yeye mzigo wake unaofuata utakuja na chipu.

Hongera zao kwa ubunifu, kwa kweli. Ila watu wameshangilia kabla ya kuuliza swali dogo: hiyo chipu kaibandika nani?

Maana chipu zenyewe si uchawi. Ni stika yenye kidude kidogo kuliko punje ya mchele na waya mwembamba uliozungushwa, ndiyo antena. Haina betri. Ukiisogezea simu, mawimbi ya redio ya simu yako ndiyo yanayoipa nguvu, nayo inajibu kwa kutaja namba yake. Ndugu yake ni ile N-Card unayogusisha ukienda kutazama mpira kwa Mkapa. Hizi za simu zinasomeka kwa sentimita chache tu. Kuna nyingine zinasomeka ukiwa mita kadhaa, hizo wanafunga kwenye maboksi ili shehena nzima ihesabiwe bila kufungua hata boksi moja.

Wenye majina makubwa wanazitumia kweli. Pfizer walitangaza mwaka 2006 kwamba wanaweka chipu kwenye chupa za Viagra zinazouzwa Marekani, maana kidonge kile kilikuwa kinafojiwa balaa (msicheke). Louis Vuitton tangu 2021 wanashonea chipu ndani ya mikoba yao, na wanaosoma taarifa zake ni wenyewe. Kwa hiyo yule msanii wa Bongo Fleva aliyetinga Ngome Kongwe siku za Sauti za Busara na mkoba uliozua zogo mitandaoni, mashabiki wasijichoshe kuvuta picha kuhesabu nyuzi. Auingize tu kwenye duka lao huko Dubai, jibu atalipata.

Angalia hapo lakini. Chipu inawekwa kiwandani. Namba inabaki kwenye daftari la kiwanda. Mzigo ukitoka, kila anayeupokea anajulikana, na bidhaa ikiibuka mahali isipotakiwa kuwepo, mwenye mali anaona. Ulinzi wenyewe ni ile njia nzima kutoka kiwandani mpaka mkononi kwako. Stika peke yake haimlindi mtu.

Sasa rudi kwa bidada wetu. Pafyumu zinakuja na begi kutoka Dubai, au zinapanda boti kutoka Kariakoo na kushuka Malindi. Stika za chipu zinauzwa mtandaoni kwa pakti, moja moja haizidi bei ya soda. Programu ya kuziandika unapakua bure, unaweka anuani ya ukurasa wowote unaotaka. Ukibandika kwenye chupa ya maji ya chumvi, nayo itaandika orijino. Ile tiki ya kijani basi haikutoka Ufaransa, imetoka hapa hapa Mlandege. Hakuna anayesema bidada anauza feki. Ila video yake haijathibitisha chochote zaidi ya kwamba ana stika na ana simu kali. Na wateja wake wengi wana simu za bei nafuu zisizo na NFC, kwa hiyo hata kugusisha kwenyewe hawawezi. Wanaiamini video.

Halafu kuna hili la chupa. Chupa tupu ya pafyumu ya bei mbaya haitupwi, ina soko lake. Inajazwa maji mengine, inarudi dukani. Ikiwa na chipu halali ya kiwandani itajibu vizuri tu, kwa sababu chupa ni orijino kweli! Ndiyo maana wajanja wanatengeneza chipu inayokatika antena mara tu kifuniko kikifunguliwa. Ya bidada imebandikwa chini ya kitako.

Kama ingekuwa pafyumu tu, ingebaki stori ya kucheka. Shida ni kwamba duka hilo hilo linauza kremu. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na bado vinapakwa. Zebaki inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo. Mtoto wa kike wa miaka kumi na tisa anajipaka mwezi mzima kabla ya harusi yake, kisa mtu anayempenda mtandaoni kagusisha simu ikalia. Na mkorogo je, ule unaochanganywa kwenye beseni? Hauna kiwanda, hauna namba, chipu itamtaja nani?

Wengi mnakumbuka Juni 2016, TCRA walipozima simu feki. Ile ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na orodha moja ya namba, na mwenye uwezo wa kuzima hakuwa muuza simu. Ukituma namba ya simu yako kwenda 15090, jibu halikutoka kwa jamaa wa Darajani aliyekuuzia.

Visiwani humu tunajua kulinda mzigo tukitaka. Gunia la karafuu likijaribu kuvuka kimagendo kwenda Mombasa, vikosi viko macho. Kikopo cha kremu kikiingia Malindi ndani ya begi la nguo hakina anayekiuliza, mpaka siku ZFDA wanapoteketeza shehena na picha zinasambaa.

Kwa hiyo wadau, kabla hamjatuma hela, muulizeni bidada mambo ya kawaida tu. Mzigo kanunua kwa nani, risiti iko wapi, kremu imesajiliwa ZFDA kwa namba gani. Akishajibu hayo, chipu yake itakuwa na maana. Mpaka jana usiku mdau mmoja kamuuliza la risiti pale pale chini ya video. Kapigwa bloku.