Mashauri kwa Vijana: Kompyuta Inayochelewa Kuwaka

Vijana wetu wa Mbeya na Iringa hutuuliza: kompyuta mpakato yachelewa mno kuwaka, je, ni baridi ya Juni na Julai? Twajibu: kwa kawaida baridi haina lawama.

Sababu kubwa ni mzigo. Programu nyingi hujiandikisha ziamke pamoja na Windows; zikizidi, zote huigombea diski wakati mmoja, mfano wa abiria wa basi zima katika mlango mmoja. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungueni ukurasa wa Startup, na kila programu isiyo na haja mwanzoni izimeni kwa neno Disable. Ile ya kukinga virusi iacheni. Kufanya hivi hakufuti kitu. Mtaifungua programu siku mtakapoihitaji.

Isipofaa, itazameni diski. Ya kizamani ina sahani izungukayo, aghlabu mara 5,400 kwa dakika. Kuibadilisha kwa SSD, isiyo na kitu kizungukacho, ndiyo dawa kubwa, na bei yake ni ndogo kuliko ya kompyuta mpya.

Wala msikimbilie kwa fundi "apige Windows" kabla ya kuhifadhi mahali pengine kazi za shule na picha za wazee waliotangulia mbele ya haki. Huenda zikafutika zisirudi.

Kutupa chombo kinachotengenezeka ni israfu, nayo Mwenyezi Mungu ameikataza. Wabillahi taufiki.