Ramani Isiyofika Kariobangi

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Siku tatu katika hoteli moja Naivasha, nikae nyuma ya ukumbi na laptopu, niandike yatakayosemwa. Mshauri aliyenipa hicho kibarua alikuwa amesikia kwamba napiga chapa haraka na sina maneno mengi. Hakuuliza habari ya digrii, nami sikumwambia kwamba niliacha uinjinia mwaka wa tatu karo ilipokwama. Mkutano ulikuwa wa kutengeneza ramani ya teknolojia ya kitaifa kwa ajili ya viwanda vidogo. Hilo ndilo jina fupi. Jina refu lilijaza bango zima pale mlangoni.

Nilihesabu watu, tabia tu ya mtu aliyekaa nyuma. Arobaini na mmoja. Watu wa wizara, wahadhiri, wafadhili, watu wa benki, vijana wawili wa kampuni ya programu za simu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kovu la grainda mkononi. Najua hayo makovu kwa sababu mjomba wangu anayo matatu.

Mjomba ana kibanda Kariobangi Light Industries. Anatengeneza chafkata, ile mashine ya kukatia ng'ombe nepia. Fremu na magurudumu si shida, hayo anayachomelea hata akiwa anapiga stori. Shida ni visu. Visu vinatoka kwenye springi kuukuu za lori. Anakata springi, anaichoma mpaka ifike rangi anayoijua yeye, kisha anaitumbukiza kwenye oili chafu. Rangi ikipita kidogo, kisu kinavunjika kama biskuti. Ikikosa kufika, kisu kinabaki laini, na baada ya wiki mbili mkulima anarudi kutoka Githunguri na hasira zake. Mjomba hana tanuri yenye kipimo cha joto. Hana mashine ya kupima ugumu wa chuma. Springi ya leo si chuma kile kile cha springi ya jana, na hakuna mtu wa kumwambia tofauti. Mkulima akichoka, ananunua chafkata iliyoletwa na meli. Hiyo visu vyake vinafanana vyote, kila siku.

Hapo ndipo ushindani wa viwanda ulipo, kama mnautafuta. Mjomba si mvivu na hahitaji semina ya kufikiri kama mjasiriamali. Anahitaji kujua nyuzi za joto.

Siku ya pili Naivasha tuligawanywa katika makundi na kupewa vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani. Kila kundi liandike teknolojia za kipaumbele. Ukuta ulijaa: akili unde, blokcheni, droni, uchapaji wa 3D. Nikaandika zote. Kuukaza chuma kwa moto hakukupata karatasi. Wakati wa chai nilimuuliza mwenzangu mmoja wa sekretarieti kama mafundi walialikwa. Akasema barua ilitumwa kwa chama chao, hawakujibu. Kwani wangejibu nini? Kwa fundi, siku tatu mbali na kibanda ni siku tatu bila unga nyumbani, na barua yenyewe haikutaja posho.

Wacha niseme wazi, kabla mtu hajanirukia: mimi si adui wa ramani. Ninachopinga ni kuita kitu ramani wakati hakina barabara. Hii nchi haijawahi kukosa makaratasi. Mwaka 1996 tulipewa Waraka wa Bunge Nambari 2 uliosema Kenya itageuka nchi ya viwanda ifikapo 2020. Kabla ya 2020 kufika, tarehe ilishasogezwa: Ruwaza ya 2030 ilizinduliwa 2008. Mwaka 2017 zikaja Ajenda Nne Kuu, na ahadi kwamba viwanda vitakuwa asilimia 15 ya pato la taifa kufikia 2022. Mwaka huo ulipofika, havikufika hata asilimia 8. Konza ilichimbiwa msingi Januari 2013. Halafu tukapata mpango mkuu wa dijitali wa 2022 hadi 2032, na mwaka 2025 mkakati wa akili unde. Shabaha ya zamani ikikosekana, hakuna anayekaa chini kuuliza tulikosea wapi. Tunachapa kitabu kingine chenye jalada la kung'aa zaidi.

Tukicheka, tunalicheka lile gari la Nyayo. Moi aliwapa wahandisi kazi mwaka 1986, Pioneer likaonyeshwa Kasarani 1990, likafia hapo. Ni rahisi kucheka. Lakini ule mradi ulikuwa na kitu ambacho sikukiona Naivasha: orodha ya vipuri. Ukitaka gari lazima uulize nani atamimina bloku ya injini, kwa mashine gani, kwa chuma kipi. Chuo kikuu, politekniki na karakana za reli zililazimika kujibu. Majibu hayakutosha na pesa hazikupatikana, sawa. Angalau maswali yalikuwa ya kweli.

Ramani ya kweli ya teknolojia inafanana vipi? Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani, 1992, wakati kampuni zao za chipu zilikuwa zimebanwa vibaya na Wajapani. Mahasimu wa biashara walikaa meza moja pamoja na watu wa serikali na vyuo, wakaandika mwaka kwa mwaka: chipu lazima iwe ndogo kiasi hiki, kwa hiyo lenzi iwe hivi, kemikali iwe hivi. Wakaisahihisha 1994, wakaisahihisha tena 1997, kisha nchi nyingine zikaingia. Ninachokipenda zaidi ni rangi. Katika majedwali ya ramani hiyo ilipokuwa ya kimataifa, sehemu ambayo hakuna mtu aliyejua suluhisho lake ilipakwa nyekundu. Wataalamu wakubwa duniani wanachapisha hadharani: hapa hatujui. Kila mtafiti anayetafuta kazi anaona pa kwenda.

Nitafutie nyekundu katika ramani yoyote ya Kenya. Zetu ni kijani toka jalada hadi jalada. Ofisa gani ataandika kwamba hatujui kitu, na waziri ndiye atakayezindua?

Halafu kuna wimbo wa Korea, ati miaka ya sitini tulikuwa sawa nao. Kila mkutano lazima uimbwe, na Naivasha uliimbwa mara mbili. Wanachoacha ni kwamba Park Chung-hee, ambaye alikuwa dikteta na simtamani, alikuwa akikalia mwenyewe mkutano wa mauzo ya nje kila mwezi. Kila mwezi, na wenye viwanda wakiwa mle ndani wanasema kilichowakwamisha. Walianzisha taasisi yao ya utafiti, KIST, mwaka 1966, kampuni ya chuma POSCO mwaka 1968, na kufikia 1973 chuma kilikuwa kinatoka Pohang. Nasi KIRDI yetu ya utafiti wa viwanda ilianzishwa 1979, na kabla yake Kenya Industrial Estates, 1967. Kwa hivyo hatukukosa taasisi. Tulikosa huo mkutano wa kila mwezi ambapo mtu anaulizwa: ile tanuri uliyosema, iko wapi?

Kuna msomaji atasema ramani ya taifa haiwezi kushuka hadi kwenye visu vya chafkata. Ati hayo ni mambo madogo, ya kaunti. Mimi naona kinyume. Chuma kinachokazwa vizuri ndicho kisu, ndicho jembe, ndicho shafti ya posho mili, ndicho boriti ya kuvutia trela. Ukitatua ugumu wa chuma Kariobangi, umetatua na Kamukunji, na Gikomba, na Kibuye kule Kisumu. Ni tatizo moja lenye wateja wengi sana, na halihitaji uvumbuzi wowote, maana ujuzi wenyewe upo vitabuni tangu zamani. Nilifundishwa mwaka wa pili, kabla sijatoka. Kinachohitajika ni tanuri chache zenye vipimo, ziwe karibu na vibanda, fundi alipie kwa kilo kama anavyolipia kusaga mahindi, na jina la ofisa mmoja litakalochapishwa pembeni ya tarehe.

Jina, jamani. Katika kurasa mia moja na kitu nilizosaidia kuandika, kila jukumu lilipewa "wadau husika". Huyo mdau husika sijawahi kumwona. Hana simu wala ofisi, na ndiye aliyeachiwa viwanda vyote vya Kenya.

Malipo yangu yaliingia baada ya miezi mitano, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Waraka ulipotoka nilimpelekea mjomba kwenye simu. Alikuwa amekaa juu ya gurudumu la lori akinywa chai. Nikamwambia mimi ndiye niliyeuandika, karibu. Akafurahi kweli, akafuta mikono, akaniambia nimtafutie mahali paliposemwa habari ya springi. Nikatafuta neno chuma, likatokea mara mbili, yote katika jina la wizara ya zamani. Nikatafuta fundi, halikutokea.

"Basi tafuta moto," akasema.

Nikatafuta. Kulikuwa na sehemu moja, inayoshauri kila ofisi iwe na kizima moto.