Kituluni hakuna sumaku, lete pima maji

Nimechoka na makala za "maajabu ya Kituluni". Zote ni ile ile. Mwandishi anafika Kyamwilu, nje kidogo ya mji wa Machakos kule Kenya, kijana wa pale anamwaga maji kwenye lami, maji yanapanda mlima. Gari likiachwa bila gia nalo linapanda. Kisha inakuja sentensi ya kufungia: eti sayansi imeshindwa, eti kuna sumaku chini ya barabara. Basi, makala imeisha.

Jamani, sumaku gani hiyo inayovuta maji na chupa ya plastiki?

Mimi nimefika pale na nimeona. Macho yaliapa kabisa kwamba maji yanapanda. Lakini fundi yeyote wa kwetu Namtumbo hapangi tofali kwa kuliamini jicho. Anatoa pima maji. Barabara ile inateremka. Vilima vinaficha upeo, na miteremko ya jirani inalidanganya jicho kuhusu wapi ni juu na wapi ni chini. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walichapisha majaribio yao: walitengeneza barabara ndogo za mfano juu ya meza, wakaficha upeo, na watu wakaona mteremko kama mwinuko. Waskoti nao wana barabara ya namna hiyo inayoitwa Electric Brae, kwa sababu watu wa zamani walidhani ni umeme. Sisi tumechagua sumaku.

Mtaniambia: mwache mwandishi, fasihi si fizikia, maelezo yanaua uchawi. Sikubali. Uchawi wenyewe ni huu: ukishaelezwa yote, ukitazama tena, maji bado yanapanda! Akili inajua, jicho linakataa. Hapo ndipo pa kuandika, na hapo ndipo wenzetu wanapoweka nukta na kurudi mjini.

Kinachoniuma zaidi ni dharau. Waandishi hawa hawa, wakigusa Vita vya Maji Maji, wanawacheka babu zetu wa Ruvuma: eti waliamini dawa ya maji itazuia risasi. Waliotumia maji yale walikuwa wanatafuta namna ya kumng'oa Mjerumani. Februari 27, 1906 wapiganaji wa Kingoni walinyongwa Songea. Walilipa kwa shingo zao. Wewe mwenye simu, mwenye intaneti, mwenye gari la kukurudisha hotelini, unamwagiwa chupa moja ya maji na unaamini papo hapo. Ni nani wa kuchekwa?

Simpigi vita kijana anayemwaga maji. Ile ni kazi yake, na anaifanya vizuri. Wala sisemi simulizi za wenyeji kuhusu mlima ule zitupwe. Ziandikeni, tena kwa heshima, kama simulizi zinazobeba habari za watu. Msizigeuze kiungo cha kunogesha uvivu wenu.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, ukienda Kituluni nenda na pima maji. Ilaze barabarani, tazama povu linasimama wapi, halafu inua macho utazame barabara ile ile. Tuandikie unachokiona hapo, wakati kifaa kinasema hivi na macho yanasema vile. Makala hiyo nitaisoma mara mbili.